Mariyama na Jicho la Mashine

Basi nimechoka kuombwa. Kila Ijumaa Laïla ananipigia simu kutoka Mahajanga: "Shangazi, umeshaandika?" Mtoto huyu anadhani kuandika ni kama kumenya muhogo. Mkono wangu ulizoea kisu na sindano. Kalamu niliikuta ukubwani, na miwani yangu imebaki na mguu mmoja. Kama habari za Mariyama mpambaji anazitaka kiasi hicho, mbona alipokuja sikukuu ya Iddi hakukaa akanisikiliza? Alikuwa akitazama simu. Haya. Naandika mara moja, sirudii, na atakayeona herufi imekaa vibaya aipite kimya.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee niliyofundishwa kuiandika. Hapa Nosy Be watu husema Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na sisi wenye asili ya Ngazija majumbani tuna Kingazija chetu. Kiswahili kimebaki kwangu na kwa mwanangu Abdou, tunapotaka kumsema mtu aliyekaa mbele yetu.

Na jinsi nilivyokipata ndipo habari hii inapoanzia. Sisi ni watu wa Mangarivotra, Mahajanga. Mimi, Rabiata, ndiye mkubwa. Msaidié, ndugu yangu wa tumbo moja, ndiye mdogo. Mwaka wa zile fujo za kuwaua na kuwafukuza Wangazija, sabini na sita kuingia sabini na saba, tuliondoka na tulichovaa. Tulipofika Moroni baba hakuwa hata na paa la kutufunika, akaona heri binti aolewe. Kulikuwa na mtu Unguja, Mngazija mwenzetu, anatafuta mke. Hakuna kwetu aliyepata kumwona. Alimweka wakala, wakala akasema, nimekubali kwa niaba ya fulani, na mimi nikawa mke wa mtu. Msaidié alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu, amesimama mlangoni. Akamwuliza baba: "Lakini anafananaje?" Baba akamwambia anyamaze.

Nitakwambia mimi anafananaje. Alikuwa rika la baba, na ulimi wake ulikuwa pilipili. Simsemi zaidi, ameshakufa, Mungu amrehemu kwa mkono mpana maana atauhitaji. Jioni, ili nisikae naye, nilikwenda kisomo cha watu wazima. Wenzangu walisoma kwa kupenda elimu. Mimi nilisoma kwa kumkimbia mume. Alipokufa nilimshika Abdou mkono nikaja huku, Nosy Be, nikakaa Marodoka kwa ndugu wa mama. Msaidié yeye alirudi Mahajanga kwake. Na neno lake likawa lile lile miaka yote: "Nikizaa binti, simtii mkononi mwa mtu nisiyemwona." Ulishike neno hilo. Nusura lituue sote.

Sasa Mariyama. Alikuwa mpambaji wa maharusi, Marodoka mpaka Andoany mjini. Mwanamke mfupi, viganja vipana kama sinia, hina haijapata kumtoka kuchani tangu nimjue. Hakujua kusoma hata jina lake, na ukimwambia umsomee alikasirika. Aliyaona yote kwa vidole. Alisaga liwa, ile wanayoiita huku masonjoany, akaijua kwa kuigusa kama imekuwa laini au bado. Ukimpa nguo alipapasa pindo kwanza, ndipo akaitazama.

Na alikuwa na sheria moja: chumbani kwake hakuna jicho. Akishaingia kumpamba bibi harusi, mlango unafungwa, dirisha linatundikwa shuka, vioo vinageuzwa ukutani. Miaka ya themanini mpiga picha mmoja wa mjini alitaka kuwa mjanja, akapenyeza kamera yake pembeni ya shuka. Mariyama hakupiga kelele. Alichovya vidole kwenye liwa akampaka kioo cha kamera, taratibu, juu mpaka chini, kama anampaka bibi harusi. Yule mtu akaenda zake na kamera imepambwa.

Televisheni ilipoingia majumbani, naye akaanza kuitupia leso.

"Mariyama," nikamwambia, "hiyo haioni. Inaonwa."

"Wewe unajuaje? Umo ndani?"

"Haki ya Mungu wewe mwanamke una wazimu."

"Mwenye wazimu ni yule anayevua mtandio mbele ya kitu asichokijua." Akaendelea kusaga. "Mwanamke ana siku moja katika maisha yake ya kutazamwa na wanaompenda peke yao. Mimi ndiye bawabu wa siku hiyo."

Ndiyo maana picha yake hakuna. Hata moja. Ndiyo maana Laïla ananisumbua mimi.

Laïla ni binti wa Msaidié. Mama yake alipofariki nililetewa akiwa mdogo, nikamlea mimi, baba yake akibaki Mahajanga na kazi yake ya bandarini. Alipoposwa na Hassane, fundi wa injini za boti pale Andoany, wazee walikubaliana kwa simu, na Msaidié akasema atakuja mapema amtazame kijana kabla ya ndoa. Siku zikapangwa. Nyumba ikapakwa chokaa. Halafu, wiki ile ile ya harusi, Msaidié akaanguka bandarini. Tumbo. Wakamlaza hospitali, na madaktari wakasema apasuliwe Jumamosi asubuhi, hawawezi kungoja. Na hawakuficha: huenda akatoka, huenda asitoke.

Ndoa ilikuwa Ijumaa.

Nikampigia. Simu zetu wakati huo zilikuwa za vitufe, zinasikika tu. Nikamwambia tunaahirisha.

"Dada, ukiahirisha nitajua mmeshanizika," akasema. "Nataka niingie kule ndani binti yangu akiwa ameshapata wake."

"Basi mweke Mwalimu Boinali wa msikitini wakala wako, mwambie kwa simu, afungishe."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Inatosha kisheria."

"Kama walivyofunga yako?"

Nilikata simu. Mimi sikatishi maneno ovyo, mtu yeyote Marodoka atakwambia.

Abdou ndiye aliyetoa njia. Mwanangu ni mwalimu wa hesabu, na alikuwa na kompyuta ya kukunja aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akirudi kwao Réunion. Ilikuja imejaa virusi, akafuta kila kilichomo akaweka Linux. Aliniambia Linux haina mwenyewe. Watu wa dunia nzima huitengeneza pamoja na kila mtu huichukua bure. Nikamwambia kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kumlaumu. Akacheka. Kule Mahajanga kulikuwa na Tadjiddine, rafiki wa Msaidié tangu utoto, naye ana kompyuta yake. Alhamisi asubuhi wakajaribu, Tadjiddine amekaa kando ya kitanda, Abdou sebuleni kwangu. Nikamwona ndugu yangu kwenye kioo, naye akaniona. Akasema nimezeeka. Nikajua kichwa chake bado kizima. Hassane alikuwa kazini baharini, hakuwepo. Tukasema kesho, baada ya sala ya Ijumaa, Msaidié atamwona, amwozeshe kwa kinywa chake mwenyewe. Tukashukuru Mungu.

Alhamisi hiyo hiyo mchana wanawake wakaja kumpaka Laïla liwa na hina. Wakataka nyimbo. Kompyuta ikachukuliwa sebuleni ikaingizwa chumbani, ikaimba mpaka alasiri. Baadaye ikarudishwa mezani. Na kwa kuwa mashine tupu mezani mbele ya wageni ni aibu, ikatandikiwa kitambaa changu cha kufuma, kile kikubwa, kingo zake zikainuliwa pande zote mbili zikaikumbatia. Ilipendeza. Sioni kwa nini Abdou alinikunjia uso baadaye.

Ijumaa. Wanaume wamejaa sebuleni, Mwalimu Boinali katikati, Hassane kwenye mkeka amevaa kanzu inayowasha, nilimwona anavyojikuna. Abdou akafungua. Uso wa Msaidié ukatokea, macho yameingia ndani, mrija puani.

"Mbona kuna giza?" akasema.

"Sisi tunakuona, mjomba."

"Mimi naona giza. Hassane yuko wapi?"

"Niko hapa, baba," akasema Hassane.

"Nasikia hapa. Naona giza."

Abdou akafunga akafungua. Giza. Kisha akafungua kidirisha cheusi akaandika herufi tano: l, s, u, s, b. Nilizisoma mwenyewe, hazitamkiki. Akanieleza kwa Kiswahili, tusisikike: "Mama, hii ni kama kuita majina darasani. Kila kifaa kilichomo humu, hata kile cha ndani, kinaitika jina lake. Kijiti cha intaneti hiki hapa kimeitika. Kipanya hiki kimeitika. Kamera haikuitika."

"Jana iliitika?"

"Jana iliitika."

"Basi imekufa."

"Mama, nipe nafasi."

Akaizima akaiwasha. Haikuitika. Akakumbuka kwamba asubuhi mashine ilijisasisha, ikaingiza kiini kipya cha mfumo, na mara nyingine kiini kipya humsahau mtu wa zamani. Akaiwasha tena akiiamuru itumie kiini cha jana. Linux huwa haitupi cha zamani, huweka pembeni. Jambo hilo nililipenda. Lakini kamera haikuitika. Akaizima kabisa, akachomoa umeme, akatoa betri, akabonyeza kitufe kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe. Haikuitika. Wazee wakaanza kukohoa. Simu yangu ikalia, ni Tadjiddine: "Bi Rabiata, muuguzi amesema jioni wanamwandaa, hawataki mtu tena chumbani. Hamna picha hata kidogo?"

Nikamsikia Msaidié nyuma yake: "Mwambie dada sitii mkono gizani."

"Msaidié!" nikapiga kelele kwenye simu. "Usiwe punda! Mtoto wa watu huyu hapa, anajikuna tu, ana macho mawili na pua moja!"

"Hata wa kwako walituambia ana macho mawili."

Mwalimu Boinali akainamisha kichwa. Akaniambia polepole kwamba baba akikataa kwa kinywa chake na akili yake timamu, yeye hawezi kumpita. Nikatazama mlango wa chumba. Laïla alikuwa nyuma yake, anasikia kila neno. Akiolewa bila baba, baba akafa kesho: hiyo ni harusi gani? Na asipoolewa leo, baba akafa kesho?

Abdou hakunitazama. Alichomeka kijiti kingine, kina Linux nzima mpya ndani yake, akaiwasha mashine kutoka humo, kama mtu anayeleta hakimu wa mji mwingine. Akaandika zile herufi tano. Akakaa nyuma.

"Sasa najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mifumo mitatu, Mama. Mpya, wa zamani, na wa kuazima. Haiwezi kuwa vipofu yote pamoja. Kosa haliko kwenye mfumo. Kamera imekatwa kwenye mashine yenyewe, haifikiwi na umeme. Ama waya umeachia, ama mtu kafanya kitu." Akachukua bisibisi. Halafu akaiweka chini, na hapo nilimpenda mwanangu kuliko siku zote. "Kabla sijaipasua. Tangu jana asubuhi ilipita mikononi mwa nani?"

"Ilikuwa chumbani kwa bibi harusi."

"Mikononi mwa nani?"

Nikamtazama. Akanitazama. Mwanamume hawezi kuuliza kwenye mlango ule. Nikaenda mimi.

Nikagonga.

"Nani?"

"Rabiata."

"Uko peke yako?"

"Niko na ndevu zangu. Fungua!"

Mariyama akafungua ufa. Nyuma yake Laïla amekaa kitandani, liwa imemkauka usoni, na machozi yamechora mistari miwili katikati yake.

"Unaona?" Mariyama akasema kwa hasira. "Nimempaka mara ya pili. Ninyi huko nje mnapiga kelele za ndoa au za mnada?"

"Mariyama, jana mashine ya Abdou ilikuwa humu. Uliigusa?"

"Niliigusa."

"Ulifanya nini?"

"Nilifanya kazi yangu. Nilimwuliza Laïla, kile kitone cha kioo pale juu ni nini? Akasema jicho lake. Nikasema, linaona? Akasema linaona, baba aliniona nalo asubuhi. Na wanawake wamevua mitandio, wanacheza! Nikasema kila jicho lina kope. Nikapapasa. Nikaikuta ubavuni, kijiti kidogo kama kucha ya mtoto, kina mchoro wa kamera yenye mstari juu yake. Nikaisukuma. Likafumba."

Nilishika fremu ya mlango.

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

"Tangu saa ile wanaume wanahangaika na mashine!"

"Mimi nilisikia wanasema kiini, kiini. Nikadhani wanapika mayai." Akanitazama. "Kwani kufungua kope kunahitaji mwalimu wa hesabu?"

Kitandani, Laïla akaangua kicheko, na liwa yote ikapasuka usoni kama ukuta mkavu. Mariyama akampiga kofi la begani. "Mara ya tatu! Mara ya tatu nitakupaka!"

Nikamwambia aje alifungue. Akakataa. Akasema hatoki mpaka mashine igeuziwe ukuta, na wanaume wageuze nyuso zao, maana jicho likifumbuka hajui litamwangukia nani. Sikubishana. Nikatoka nikawaambia wazee wote wageuke, na Mwalimu Boinali, Mungu amjalie, akawa wa kwanza. Basi sebule nzima ya wanaume wa Marodoka wakatazama dirishani kama wanasubiri mvua, na Mariyama akatoka amejifunika mpaka pua. Akashusha kingo za kitambaa changu, akapapasa ubavu wa mashine, na kwa kucha yake ya hina akakisukuma kile kijiti. Abdou akainama kuangalia. "Miaka miwili ninayo mashine hii," akasema polepole. Kilikuwa kimefichwa na kitambaa, na hata bila kitambaa kilikuwa rangi ile ile ya ubavu wenyewe.

Akaandika herufi zake tano. Jina likatokea mstari wa mwisho.

"Imeitika, Mama."

Sijui nilisema nini. Wanasema nilipiga kigelegele kabla ya ndoa, jambo ambalo halifanywi. Nilifanya.

Tadjiddine akapiga tena. Abdou akaigeuza mashine kuelekea mkekani, na Mariyama, ambaye alikuwa bado amesimama pale, akaona mwanga mdogo umewaka kando ya jicho, akarusha mkono kulifunika. Kwa hiyo kitu cha kwanza ndugu yangu alichokiona Ijumaa hiyo kutoka nyumbani kwangu kilikuwa kiganja, kipana, chekundu kwa hina mpaka kwenye kifundo.

"Naona mkono," akasema Msaidié. "Nani huyo?"

"Si yeye," nikasema. "Huyo si wa kuozwa."

Kiganja kikaondoka. Na Hassane akawa pale.

Tadjiddine alisogeza mashine karibu naye. "Sogea mbele, kijana," akasema Msaidié. "Geuka. Huku. Onyesha mikono." Hassane akainyoosha mikono yake, ina mafuta ya injini ndani ya mistari ya viganja, hayatoki hata kwa sabuni ya harusi. Ndugu yangu akaitazama muda mrefu.

"Kanzu inakuwasha?"

"Sana, baba."

"Hata mimi yangu iliniwasha." Akapumua, mrija ukacheza. "Dada. Nimemwona. Mwalimu, anza."

Akasema maneno yake mwenyewe, moja moja, kwa kinywa chake, na Hassane akayapokea bila kukwama. Mashahidi wakasikia na wakaona. Kisha Mariyama akamleta Laïla mpaka kizingitini, uso umepakwa mara ya tatu, akamsimamisha mbele ya jicho na yeye mwenyewe akageuka akalipa mgongo. "Mtazame mwanao upesi," akasema akitazama ukuta. "Sijamaliza naye."

Jumamosi sikula. Adhuhuri simu ikalia, Tadjiddine, na alikuwa analia, mpumbavu yule, hakunitangulizia neno, nikadhani yamekwisha. Kumbe analia kwa furaha. "Ametoka, Bi Rabiata. Ameamka. Ameuliza kama mmekula pilau bila yeye." Nikakaa chini pale pale uani, juu ya kuni, na mgongo wangu, uliokuwa umesimama tangu siku aliyoanguka, ukalegea kama kamba iliyofunguliwa.

Alikuja kabla ya mvua, amekonda, na nyama ya mbuzi tulimpikia upya. Kitu cha kwanza alichouliza ni mwenye kile kiganja. Mariyama alikubali kuzungumza naye kupitia pazia. Sasa Laïla na Hassane wamehamia kwake Mahajanga, na ana wajukuu wanaomkalia tumbo lile lile lililoshonwa.

Mariyama Mungu amemchukua, masika iliyopita. Laïla alipekua kila sanduku akitafuta picha. Namwambia, usihangaike, bawabu alifanya kazi yake mpaka mwisho. Baba yako ameona kiganja chake, na mimi nimekiandika. Mwenyewe asingeruhusu zaidi ya hapo.

Basi nimemaliza, na miwani imeanguka tena. Wewe uliyenisoma, asante zako sizitaki. Tazama juu ya kioo cha mashine yako, na upapase ubavuni mwake. Kama mna wanawake chumbani wamevua mitandio, lifunge. Na kama una baba au mama aliye mbali, lifungue leo, ukae penye mwanga, umwache akutazame mpaka achoke yeye, si wewe. Kisha umtaje Mariyama kwa jina umwombee, kwa sauti. Haya, inuka. Umekaa bado?